Mkunga wa Nyuma ya Goli

Timu yetu iliitwa Ulezi, na ilipocheza nyumbani hapakuwa na haja ya kuuliza goli letu ni lipi. Ulitazama tu aliposimama Mkunga. Alisimama nyuma ya nyavu, karibu kabisa na kipa, amevaa koti jeusi la kiume la mitumba lililomfika magotini, kitambaa cha kichwa amekikaza kwa sababu ya upepo. Mapumziko yakifika na timu zikibadilishana upande, naye alihama. Alikatiza uwanja katikati, polepole, bila kumwomba mtu ruhusa, na sikuwahi kumwona mwamuzi akimwambia apite pembeni.

Mimi nilikuwa beki wa kati, na baadaye kepteni. Kwa hiyo nilimsikia kuliko nilivyomwona. Sauti yake ilinipata mgongoni.

"Fulgensi, unamwacha huyo apite kama mgeni wa harusi."

"Fulgensi, panda mbele. Hapo nyuma hakuna cha kulinda ila kuku."

Haki ya kutusema hivyo aliipata wodini na majumbani mwetu. Alifanya kazi ya ukunga mpaka alipostaafu, na wengi wetu kikosini tulipita mikononi mwake. Hakutuacha tusahau. Winga wetu alipouchelewa mpira, alimwambia mbele ya watu kwamba hata kuzaliwa alizaliwa kwa kusukumwa. Mwamuzi mmoja kijana, mwenyeji wa Msanzi, alitunyima penalti iliyokuwa wazi. Mkunga alimwita kwa jina lake la ubatizo ambalo hakuna mtu aliyelitumia, akamwambia, "Siku ile nilikupiga kofi moja tu ndipo ukavuta pumzi. Unataka la pili?" Watu walicheka, mwamuzi naye akacheka, lakini hakubadili uamuzi wake. Mkunga alimheshimu kwa hilo. "Ana msimamo," alisema tukirudi. "Mbovu, lakini anao."

Mpira wenyewe hakuujua sana. Kuotea hakukuelewa hata siku moja. Nilijaribu kumchorea mchangani kwa kijiti, huyu beki, huyu mshambuliaji, mpira umetoka huku. Alitazama kwa makini, kisha akafuta kwa mguu. "Mtu amewahi, mnampigia filimbi. Basi mwambieni achelewe."

Na penalti hakuitazama. Mwanamke aliyekuwa amekesha na wazazi wenye uchungu mpaka kunakucha, aliyeshika damu na maji na vilio vya kila namna, penalti ilimshinda. Ikitokea, iwe yetu au yao, aligeuka akatazama milima, mikono ameificha ndani ya koti, akauliza, "Bado?" Mtu alimjibu, "Bado, Mama." Kisha, "Imeingia?" Ndipo akageuka tena, uso wake umechoka kama wa mtu aliyepiga penalti hiyo yeye mwenyewe.

Hakuwa mpole. Wako watu wanaomkumbuka leo kama bibi mwema wa timu, nami nikisikia hivyo huwa nanyamaza. Alikuwa na ulimi wa kukata. Alivuta ugoro na alikataa kukiri kwamba anavuta. Misa ya kwanza ya Jumapili hakuikosa, na aliwasema vibaya wote wanaokwenda kwa waganga, lakini siku ya mechi hakuruhusu mtu afagie chumba tulimobadilishia nguo. Nilipomwuliza hilo linatofautiana vipi na mambo ya waganga, aliniambia hiyo ni adabu tu, na kama nina nguvu za kubishana nikakimbie uwanja.

Msimu ninaotaka kuueleza ni ule shirika lililotudhamini lilipofunga ofisi zake mjini kwetu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Zamani mahindi yote ya Ufipa yalinunuliwa na serikali kupitia vyama na mashirika. Sasa malori ya watu binafsi yaliingia mpaka vijijini, yakinunua shambani. Mitumba ilijaa sokoni, na redio za kila aina. Kwa wengi ilikuwa nafuu, sibishi. Kwetu sisi lile shirika ndilo lililokuwa timu. Lori la safari lilikuwa lao, jezi zao, chakula cha baada ya mazoezi chao, na wengi wetu tulikuwa vibarua katika maghala yao. Vyote vilikwenda kwa mpigo mmoja.

Wachezaji wakatawanyika. Wengine walivuka kwenda Zambia na biashara ndogondogo, wengine walishuka Kasanga kupakia mizigo kwenye meli. Tuliobaki tulikuwa wa kuokoteza. Tulifungwa mechi ya kwanza, tukafungwa ya pili, na kufikia katikati ya msimu tulikuwa tumeshika mkia wa ligi ya daraja la tatu. Timu itakayomaliza mkiani ingeshuka, na sote tulijua kwamba Ulezi ikishuka haitapanda tena, kwa sababu hapatakuwa na wa kuipandisha. Watazamaji walianza kwa kutucheka. Baadaye hawakucheka tena, walizomea. Kisha wakaacha kuja.

Mkunga alikuja. Siku za mazoezi alileta uji wa ulezi katika ndoo yenye kifuniko, akatusimamia mpaka tumalize. Mchezaji asipoonekana alimfuata kwao. Mshambuliaji wetu, Masanja, alikuwa mtoto wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, na baba yake aliamua ampeleke bondeni Rukwa na kundi, kwa kuwa malisho ya juu yalikuwa yamepungua. Mkunga aliniambia nimpakie kwenye baiskeli. Tulikwenda mwendo wa asubuhi nzima, upepo unatupiga usoni, naye nyuma yangu akilalamika kwamba napita kwenye mawe makusudi.

Mzee alitupokea vizuri, akatupa viti na maziwa. Lakini alipojua tulichokifuata uso wake ulikunjamana.

"Mama, mpira haukamui maziwa," alisema.

"Sikuja kukuomba mtoto, baba. Nimekuja kuazima miguu yake siku za Jumapili."

"Na ng'ombe waazime miguu ya nani?"

Mkunga aliinuka. Alikwenda kwa wanawake wa boma, akakaa chini, akaanza kupura maharage pamoja nao. Jua likafika utosini, likaanza kushuka. Mzee alipita mara ya kwanza, mara ya pili. Mwishowe aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Huyu mama atalala hapa?"

Mkunga alimsikia. "Nitalala," alisema bila kuinua macho. "Na ng'ombe wakienda bondeni nitakwenda nao. Mimi ni mtu wa kusubiri, baba. Ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote."

Masanja alibaki mpaka msimu ulipoisha. Baba yake aliajiri mchungaji mwingine. Nadhani mzee yule alimpenda Mkunga, kwa namna watu wagumu wanavyopendana.

Wakati huo tulikuwa tumepata mwenyekiti mpya, mfanyabiashara wa mitumba na redio. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na pikapu. Simhesabu kuwa mtu mbaya. Alikuwa ameingiza mali yake na jina lake kwenye kitu kinachozama, na aliogopa. Mtu mwenye hofu hutafuta pa kuiweka. Alimleta mganga kutoka mbali, na baadhi ya viongozi na wachezaji wakaenda kumsikiliza. Mimi sikwenda, lakini waliokwenda walinieleza, na wote walieleza sawasawa.

Mganga alisema hivi: "Kuna mkono wa kwanza. Uliwashika vijana wenu kabla mama zao hawajawashika. Unajua makondo yao ya nyuma yalizikwa wapi. Huo ndio unaofungua goli lenu. Na uko karibu na goli."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Mji wetu jina lake lenyewe maana yake ni kutupa uchawi, na wageni hupenda kututania kwalo. Sisi wenyewe hatulicheki sana. Miaka ile zilitufikia habari za mikoa mingine, za vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu. Macho ya Mkunga yalikuwa mekundu, kwa moshi wa kuni na ugoro anaokataa kwamba anavuta. Na aliishi peke yake, mtaa wa Mazwi, katika nyumba ya vyumba viwili.

Mambo yalianza taratibu. Kwenye bomba la maji wanawake waliacha kumpisha foleni kama ilivyokuwa desturi. Sasa waliondoka wote, wakamwachia bomba zima. Jiwe likatua kwenye bati lake mchana kweupe. Asubuhi moja alikuta msalaba wa majivu umechorwa mlangoni kwake, akaufagia, akaenda kanisani. Kisha binti mmoja wa mtaa uleule, ambako hata baada ya kustaafu yeye ndiye aliyeitwa, alishikwa na uchungu. Mama yake binti alizaliwa mikononi mwa Mkunga, na binti mwenyewe alizaliwa mikononi mwa Mkunga. Walimpakia kwenye mkokoteni, wakapita mbele ya mlango wa Mkunga yeye amesimama pale, wakampeleka kwa mwingine. Hilo ndilo lililomuuma. Mawe hakuyataja hata siku moja, lakini mkokoteni ule aliniambia mara mbili, kwa maneno yaleyale.

Kipa wetu nitamwita Desideri, ingawa si jina lake. Yeye ndiye habari ile ilimwingia zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifungwa. Usingizi ulimpotea. Mazoezini mpira ukija aligeuza shingo kwanza kutazama nyuma, halafu ndipo atazame mpira. Kabla ya mechi ya mwisho tulikaa kikao katika ua wa duka la Mwenyekiti. Ilikuwa tucheze na timu ya Kasanga, nyumbani kwetu, na sare ingetosha kutubakiza kwenye ligi. Desideri alisimama akasema, macho chini, "Mimi sikai golini yule mama akiwa nyuma yangu. Mtafute kipa mwingine."

Hatukuwa na kipa mwingine.

"Hatokuwepo," alisema Mwenyekiti. "Hilo limeshaamuliwa. Vijana watasimama pale na fimbo. Akija, watamrudisha."

"Watamrudisha vipi?" niliuliza.

Kabla hajanijibu, mlango wa ua ulifunguka, Mkunga akaingia. Sijui nani alimwambia. Alitusalimu, na wachezaji tukamwamkia shikamoo kwa mazoea, hata wale ambao dakika ile walikuwa wanamjadili. Alikataa kiti.

"Desideri," alisema. "Ulizaliwa saa ya mvua. Kondo lako alilizika bibi yako mwenyewe, kwenye mgomba. Mimi nilikuwa nimeshaitwa kwa mwingine. Mwulize mama yako."

Desideri hakuinua uso.

"Mama, watu wamesema," Mwenyekiti alianza. "Sisi tunataka amani tu. Jumapili pumzika nyumbani. Ni kwa usalama wako."

"Uwanja ni wa nani?"

"Wa halmashauri."

"Basi nitakuja," alisema Mkunga, akatoka.

Jumapili ile baada ya misa nilikwenda kwake. Nilikuwa nimewaona vijana tangu asubuhi kwenye kona ya uwanja, wanakunywa, fimbo zao zimeegemea ukuta, na mmoja alikuwa na panga alilosema ni la kukatia nyasi. Nilimkuta Mkunga ameshavaa koti. Nilimwambia nilichokiona. Nilimwambia kuhusu panga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umekuja kunikataza au kunisindikiza?"

"Mama, ninaogopa."

"Sikukuuliza hilo."

Nikamsindikiza. Nilimshika mkono. Watu walisimama milangoni. Tulipofika uwanjani palikuwa pamejaa, kwa mara ya kwanza mwaka ule, na nilijua hawakuja wote kwa ajili ya mpira. Nyuma ya goli letu vijana walikuwa wamesimama kwa mstari.

Mkunga aliwatazama kwa muda. Kisha akauachia mkono wangu, akageuka, akaanza kukatiza uwanja kuelekea goli la Kasanga. Alisema kwa sauti ya kufika mbali, "Kama ninafungua goli, wacha nikafungue lile." Akafika nyuma ya nyavu za wageni, akaketi juu ya jiwe.

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka, maana akili yangu ilikuwa imeshafika mbele. Tukifunga goli pale alipo, watasema ndiye. Tukifungwa, watasema ndiye pia. Nikaingia uwanjani kucheza mechi ambayo sikujua niombe matokeo gani.

Wakasanga walikuwa wazito na wenye nguvu, wengi wao watu wa mitumbwi na makuli wa bandari. Lakini kipa wao alikuwa amesikia habari. Alikuwa anatazama nyuma kila mara, kama Desideri alivyokuwa akifanya. Kabla ya mapumziko Masanja alichukua mpira pembeni, akaingia nao, akapiga. Kipa yule alikuwa ametazama nyuma. Mpira ukalala nyavuni.

Watu waliruka, kisha kelele ikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Wote walikuwa wanamtazama Mkunga. Yeye alikaa vilevile. Kipa wa Kasanga alimkimbilia mwamuzi, alikuwa yuleyule kijana wa Msanzi, akataka yule mama aondolewe. Mwamuzi alikwenda, akatazama jiwe, akatazama mstari. "Yuko nje ya uwanja," alisema. "Sheria haina neno juu yake." Akapuliza filimbi tuendelee.

Mapumziko nilikunywa maji karibu na goli lile, ndiyo maana niliyasikia haya kwa masikio yangu. Mwenyekiti alikuja mbio, amebeba soda, akainama mbele ya Mkunga kwa adabu kubwa. Nyuma yake walikuwa vijana wawili wa zile fimbo.

"Mama, timu zinabadilishana. Twende upande ule, umfuate kipa wao. Tumekuwekea kiti."

Mkunga hakuipokea soda. "Wiki hii yote nilikuwa mchawi wa kufukuzwa."

"Yale yameisha, Mama. Tusaidie."

"Kumbe wewe huuchukii uchawi, Mwenyekiti. Unauchukia ukiwa si wako. Sina. Na kama ningekuwa nao, ningeanza na bati langu lililotobolewa."

Hakuhama. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kutohama, na maana yake ni kwamba kipindi cha pili Desideri ndiye aliyekuja kusimama mbele yake. Nilimwona Desideri anakaribia goli kama mtu anayekaribia shimo. Alipomfikia alisimama. Alinitazama mimi, na midomo yake ilikuwa mikavu, myeupe pembeni.

"Kepteni, siwezi."

Mkunga ndiye aliyemjibu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Geuka, Desideri. Tazama mpira. Mimi siendi popote, na hakuna ninachokutaka."

Akageuka.

Kipindi kile chote Mkunga hakutoa neno. Miaka yote nilikuwa nimezoea sauti ile mgongoni, hata kuichoka, na sasa kimya chake kilinielemea kuliko kelele za umati. Kasanga walitushambulia bila kupumzika. Krosi moja ilikuja chini, nikatia mguu kuiokoa, ikanigonga goti ikaingia golini kwetu wenyewe. Nilisikia mtu akipaza sauti, "Mnaona? Mnaona?" Na vijana, ambao walikuwa wamekaa, wakasimama tena.

Sasa ilikuwa sare, moja kwa moja. Tungeishikilia hivyo, tungebaki. Tuliishikilia kwa meno mpaka jua lilipokuwa limeinama kabisa, ndipo mwenzangu mmoja alipomwangusha mtu ndani ya boksi. Mwamuzi wa Msanzi alionyesha kidole chini. Penalti, na hatukuwa na cha kubisha.

Nilimtazama Mkunga. Umati wote ulimtazama. Kila mtu alijua kwamba penalti huipa mgongo, na nilijua kwamba leo akiupa uwanja mgongo na kuficha mikono ndani ya koti, watasema ameona haya kuonyesha anachokifanya. Vijana walikuwa wameanza kusogea upande wetu, taratibu, wakifuata mstari wa nje. Nikaondoka kwenye boksi, nikaenda kusimama kati yao na yeye. Masanja naye aliacha nafasi yake akaja.

Mkunga hakugeuka. Alitoa mikono ndani ya koti, akaiweka juu ya magoti, viganja juu, vidole vimefunguka, kila mtu aione kwamba haina kitu. Akaikodolea macho penalti. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta, maana angeyafuta angeinua mkono.

Mpigaji wao alipiga chini, upande wa kushoto. Desideri alikwenda upande uleule, akautoa mpira kwa ncha za vidole, ukapita nje ya nguzo.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu waliingia uwanjani kama maji. Walimbeba Desideri juu, wakazunguka naye uwanja, wakapita mbele ya jiwe lile karibu kiasi cha kumgusa Mkunga, na hakuna aliyemtazama, hata Desideri. Si kwa chuki. Nadhani hawakujua tena wamtazame vipi. Vijana wa fimbo walikuwa wanaimba pamoja na wengine.

Mimi na Masanja tulimsindikiza kwake. Mlangoni alitushukuru, akamwambia Masanja amsalimie baba yake, akaingia. Tangu siku hiyo Mkunga hakukanyaga uwanja tena. Nilimfuata mara mbili au tatu mwanzo wa msimu uliofuata. Alinikaribisha, akanipa uji, akaniuliza habari za nyumbani. Nikitaja mpira alinitazama tu. Mara moja alisema, "Nilikwenda ili wasiseme nimekimbia. Sikusema nitarudi." Uwanjani watu walikuwa wakipaacha mahali pake wazi, nyuma ya goli, bila kuambiwa na mtu. Wengine walikuwa walewale waliomwachia bomba. Ulezi ilicheza msimu mmoja zaidi, ikafa. Mwenyekiti alihamia Mbeya na biashara zake. Baadaye nikasikia kwamba Mkunga ameiuza nyumba na kwenda kuishi Msanzi kwa binti wa dada yake.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimekuwa mnunuzi mdogo wa maharage, na nilifika Msanzi wakati wa mavuno. Walinionyesha nyumba. Nilimkuta ameketi uani kwenye mkeka, anachambua maharage kwa kupapasa, kwani macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani huyo? Sema tena."

"Ni Fulgensi, Mama."

"Fulgensi beki." Alicheka kidogo. "Kaa. Bado unaacha watu wapite?"

Tuliongea juu ya mvua, bei, watoto wangu. Nilikuwa na ujumbe wake na sikujua niuanzie wapi. Mwishowe nilisema, "Desideri alinituma kwako."

Mikono yake haikusimama. "Anasemaje?"

"Alisema nikikuona nikwambie. Nilimwuliza nikwambie nini. Akasema, Mama atajua."

"Kwa nini hakuja mwenyewe? Msanzi ni mbali?"

"Amefariki, Mama. Kabla ya mavuno. Kifua kilimsumbua muda mrefu."

Hapo mikono ilisimama. Kuku mmoja alikuja akadonoa maharage pembeni ya mkeka, na hakumfukuza, pengine hakumwona.

"Mlimzika vizuri?"

"Vizuri, Mama. Watu walikuwa wengi."

"Ameacha watoto?"

"Wawili, wa kike. Wako kwa bibi yao, mama yake Desideri."

Nilidhani amechoka, nikaanza kufikiria namna ya kuaga. Kisha akaanza tena kuchambua, polepole, punje moja moja.

"Hao watoto watakua," alisema. "Watakuuliza, kwa kuwa ulicheza naye. Waambie baba yao alikuwa kipa, na siku moja alidaka penalti ya kufa na kupona, na Mkunga mwenyewe aliiona kwa macho yake. Mengine usiwaambie."

"Sawa, Mama."

"Haya. Umekula?"